Twita ya monita ikiungua na ya aina ileile haipatikani: nilivyofanya hapa Mbeya

Ushauri wenyewe nautanguliza, ili hata atakayesoma aya hii moja aondoke nao. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) moja ya monita (spika ya studio ya kusikilizia miksi) ikiungua na ya aina ileile haipo sokoni, nunua mbili za aina mpya, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, na ile nzima iliyobaki uitunze. Usiweke mpya upande mmoja ukaacha ya zamani upande wa pili, hata muuzaji akiapa kwamba ni kitu kilekile. Kasoro nyingine karibu zote za twita mbadala unaweza kuzipunguza kwa rizista au kwa ekwalaiza (kifaa au programu ya kupandisha na kushusha sauti za juu, za kati na za chini). Pande mbili zisizolingana zitakudanganya kila siku unapomiksi, na wewe utadhani tatizo ni la masikio yako.

Nasema haya kama mtu anayeishi kwa kurekodi kwaya. Huku kwetu, kuanzia Tukuyu hadi Makambako, kwaya ndiyo kazi inayolipa pango la studio: sauti nne, kinanda, ngoma, na mara nyingi kayamba. Msimu wa mvua, radi zikiwa zimeanza kupiga mfululizo, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na twita ya kushoto ikanyamaza. Monita zangu ni za inchi 5, zenye ampu mbili ndani ya kila sanduku, moja ya wufa (spika kubwa ya besi) na nyingine ya twita. Toleo lake lilishaacha kutengenezwa. Simu nilizopiga kwa wauza spea wa Kariakoo zilinipa jibu moja: ile hatuna, ila ipo inayokaribiana nayo. Kuba ya hariri ya milimita 25 kama ya kwangu, matundu ya skrubu yanakaa palepale, lakini uso wa mbele una umbo tofauti kidogo na sumaku ni ndogo zaidi. Nikaagiza mbili, zikaja kwa basi.

Ila kabla hujatoa hela, hakikisha kilichokufa ni twita kweli. Chomoa umeme, subiri kapasita za ndani ziishiwe chaji, kisha toa twita, chomoa waya zake na upime kwa mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Twita ya omu 8 ikiwa nzima husoma karibu 5.5 hadi 6.5, na ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5. Mita isiposoma chochote, koili (waya mwembamba uliozungushwa ndani ya twita) imekatika.

Wengi huishia hapo wakakimbilia dukani. Nakusihi upime na kitu cha pili, nacho ni volti za DC (umeme wa aina ya betri) kwenye waya mbili zinazotoka kwenye ampu kwenda kwenye twita. Zivute waya hizo nje kupitia tundu la twita, hakikisha hazigusani, washa sanduku bila muziki wowote, kisha pima kati ya waya na waya. Unatakiwa kuona milivolti chache tu. Ikizidi milivolti 50 hivi, sanduku hilo liende kwa fundi wa ampu kwanza. Usipime kati ya waya mmoja na ardhi, kwa sababu baadhi ya ampu za kisasa huwa na volti kadhaa kwenye kila waya hata zikiwa nzima kabisa, na utaogopa bure. Ampu inayovujisha DC itaunguza twita mpya mara tu utakapoiunganisha. Ndiyo maana sishauri pia ule mtindo wa kuhamisha twita nzima ya kulia kwenda sanduku la kushoto ili kujaribu: kama ampu ndiyo mgonjwa, utakuwa umeua twita mbili. Na kama hujazoea kufanya kazi karibu na umeme wa volti 230, mwachie fundi hatua hii. Ukimweleza hivi nilivyoeleza, ataelewa unachotaka.

Sasa tuje kwenye twita yenyewe. Muuzaji atakwambia zinafanana, naye mara nyingi anamaanisha kipenyo na matundu ya skrubu. Hayo ni muhimu kidogo tu. Mambo ya kuuliza ni matatu, nayo ndiyo yanayoua twita au kuharibu miksi.

La kwanza ni omu. Kwenye monita zenye ampu ndani, usiweke twita ya omu 4 mahali palipokuwa na ya omu 8. Ampu italazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko iliopangiwa. Kinyume chake hakina hatari, isipokuwa sauti ya juu itapungua. Kwenye spika zisizo na ampu ndani, jambo hili linauma zaidi, kwa sababu krosova yake (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) hutegemea omu za twita. Chukua krosova rahisi kuliko zote, ya kapasita moja ya mikrofaradi 4.7. Ikiwa na twita ya omu 8, inakata kwenye Hz 4,200 hivi, yaani twita huanza kazi juu ya hapo. Weka twita ya omu 4 bila kugusa kapasita, na sehemu ya kukatia inaruka hadi karibu Hz 8,500. Kati ya wufa na twita patabaki shimo, na sauti za waimbaji wako zitapoteza uhai humohumo.

La pili ni masafa ambayo kuba ya twita hutikisika yenyewe kwa urahisi kuliko yote. Kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa Fs. Kanuni niliyoifuata, na ambayo mafundi wengi wa spika huifuata, ni kwamba krosova ikate angalau mara mbili juu ya namba hiyo. Monita yangu inakata kwenye Hz 2,500, kwa hiyo nilihitaji twita yenye Fs isiyozidi 1,250. Hapa ndipo twita nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari zinapokwama. Ni ndogo, nyingi zimetengenezwa zianze kazi juu ya Hz 4,000 au 5,000, na Fs yake iko juu. Ukiilazimisha ishuke hadi 2,500 itapiga makelele kwenye sauti za kina mama, halafu itaungua siku utakayoongeza sauti mbele ya wateja. Zile za piezo, ambazo utaziona kwa wingi kwenye maboksi ya muziki wa mtaani, ndizo kabisa usiziguse kwa kazi hii. Hazina koili, mita ya omu haisomi kitu hata zikiwa nzima, na hazishuki chini inavyotakiwa. Nimepita Mwanjelwa mara nyingi nikitafuta spea, na kwa waya, plagi, skrubu na kapasita sina shida na soko letu. Kwa twita ya monita, kama hakuna karatasi wala namba ya modeli ya kutafuta mtandaoni, ni bora urudi nyumbani mikono mitupu.

La tatu ni usikivu, yaani twita inatoa desibeli ngapi kwa umeme uleule. Hapa nataka tukae kidogo, maana namba hizi huandikwa kwa namna mbili na watu huchanganya. Karatasi moja itasema desibeli 92 kwa volti 2.83 umbali wa mita 1. Nyingine itasema desibeli 92 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Kwa twita ya omu 8 ni kitu kimoja, kwa sababu volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1. Kwa twita ya omu 4, volti zilezile ni wati 2, na wati zikiongezeka mara mbili sauti hupanda desibeli 3. Kwa hiyo twita mbili za omu 4 zilizoandikwa 92, moja kwa volti na nyingine kwa wati, zinapishana desibeli 3 ukiziweka kwenye sanduku moja. Desibeli 3 kwenye sauti za juu ni nyingi mno kwa mtu anayemiksi. Ampu hutoa volti, hivyo linganisha zote kwa volti 2.83, na kama karatasi imetumia wati, fanya hesabu kabla ya kulipa.

Ukilazimika kuchagua kati ya twita yenye usikivu mkubwa kidogo na yenye usikivu mdogo kidogo kuliko ya zamani, chukua kubwa. Kupunguza ni rahisi. Kwa twita ya omu 8, rizista ya omu 2.3 hivi kwenye mstari, na nyingine ya omu 19 au 20 ikipita sambamba na twita, inapunguza desibeli 3 na krosova haitambui kama kuna kilichobadilika. Kwa desibeli 2, ni omu 1.65 kwenye mstari na 31 sambamba. Tumia rizista za wati 10, zile nyeupe za kauri. Monita zenye ampu ndani mara nyingi zina swichi nyuma ya kupunguza au kuongeza sauti za juu desibeli 1 au 2, na hapo huhitaji rizista kabisa.

Kuna jambo la nne ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: umbo la uso wa mbele. Monita nyingi za siku hizi zina mdomo uliochimbwa kuizunguka twita, unaoelekeza sauti ienee vizuri pembeni. Mdomo huo umechongwa kwa ajili ya kuba fulani, ikiwa imekaa kwenye kina fulani. Ukiweka twita ambayo kuba yake imechomoza milimita chache zaidi, sauti itabadilika, hasa ukisogea pembeni ya kiti chako. Kama monita yako ina mdomo wa namna hiyo na twita hufungwa kwa nyuma yake, uwe mkali zaidi kwenye kuchagua. Zangu ni za uso wa bapa, nikapata unafuu.

Kufunga kwenyewe hakuchukui muda, lakini kuna hatari moja: sumaku. Bisibisi ya chuma ikikaribia twita huvutwa kwa nguvu, na ikiteleza inatua moja kwa moja kwenye kuba ya hariri. Kata kipande cha boksi gumu, kifunike kuba muda wote unapokaza skrubu. Kaza kwa mkono, kwa mkato wa msalaba, kidogokidogo. Halafu angalia kama kuna upenyo kati ya twita na mbao. Tundu la twita likivuja hewa, wufa ikipiga besi utasikia mluzi mwembamba, na besi yenyewe italegea. Sponji nyembamba ya kuzibia madirisha, ile yenye gundi upande mmoja, inatosha kabisa.

Waya zirudishe kama zilivyokuwa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Usibadilishe chanya na hasi kwa kudhani mtengenezaji alikosea, maana kuna krosova ambazo twita hugeuzwa makusudi ili sauti yake iungane na ya wufa. Kama twita mpya haina alama, piga sauti ya Hz 2,500, au kokote monita yako inakokata, kaa mahali pako pa kawaida usikilize, kisha geuza waya usikilize tena. Mkao unaotoa sauti kubwa zaidi kwenye masafa hayo ndio wa kubaki nao. Na siku ya kwanza ya kuwasha, weka kapasita isiyo na chanya wala hasi, ya mikrofaradi 20 au 30, kwenye mstari wa twita. Itazuia DC na ule mshindo wa kuwasha. Ukiridhika kwamba kila kitu kiko salama, unaitoa.

Kisha pima. Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, na maiki ya kupimia ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, maiki uliyonayo inatosha kwa swali lililo muhimu kuliko yote: je, kulia na kushoto zinalingana? Maiki ikiwa na kasoro, kasoro hiyo iko pande zote mbili, hivyo tofauti utakayoiona ni ya spika. Weka maiki umbali uleule, urefu uleule, usawa wa twita, pima moja, kisha weka sanduku la pili mahali palepale pima tena. Nilizipeleka monita zangu uani, mbali na kuta, asubuhi mapema kabla bajaji na pikipiki hazijaanza. Kwenye grafu, mistari miwili ya twita mpya ilikaa moja juu ya nyingine karibu njia nzima. Nilipoilinganisha na twita ya zamani ya kulia, niliona mpya imepanda kidogo kuanzia Hz 8,000 kwenda juu, na ina kibonde kidogo jirani na krosova. Hilo ni la kawaida. Ampu za ndani ya monita zilirekebishwa kiwandani kwa ajili ya twita ya mwanzo, na twita ngeni haiwezi kuifuata mistari hiyo kikamilifu.

Hata watengenezaji wenyewe hulichukua badiliko la twita kwa uzito. Yamaha walitoa NS-10M mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani. Ilipoingia studio, mafundi wengi waliona sauti za juu zimezidi wakawa wanafunika twita kwa karatasi laini za chooni. Mwaka 1987 ikaja NS-10M Studio, twita na krosova vikiwa vimebadilishwa, na ikahesabiwa ni toleo jingine. Kwa hiyo ukishaweka twita mbadala, zihesabu monita zako kuwa ni spika mpya ambazo inabidi uzizoee.

Kwa masikio, kipimo changu ni kayamba. Ile mbegu inayoparuza ndani ya matete ina sauti za juu zilizojaa, haina noti ya kukubabaisha, na nimeirekodi mara nyingi kiasi kwamba naijua ilivyo mbele ya maiki. Icheze kwa mono (sauti ileile kulia na kushoto) kwenye spika zote mbili. Inatakiwa isikike nukta moja katikati, nyembamba. Ikitapakaa au ikivuta upande mmoja, kulia na kushoto hazilingani. Cha pili ni "s" na "sh" za kwaya. Waimbaji thelathini wakisema "sifa", "msalaba" au "ushindi" kwa pamoja, twita yenye makali itakuchoma, na twita hafifu itafanya ionekane wamefunika midomo. Ukiwa na twita mbili tofauti utasikia jambo la ajabu: sauti ya mwimbaji kiongozi iko katikati, lakini kila akifika kwenye "s" anaruka kwenda upande wenye twita kali. Mwalimu wa kwaya mmoja aliniuliza hilo kwenye kazi iliyotengenezwa kwingine. "Mbona kiongozi wetu kama anatikisa kichwa?" Alisikia sawasawa kabisa, na ni mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Ukiona twita mpya imezidi kidogo kama yangu, anza na swichi ya nyuma ya monita. Nilishusha desibeli 1, ikatosha kwa sehemu kubwa. Kilichobaki nilikipunguza kwa ekwalaiza kwenye njia ya kusikilizia pekee. Hili lizingatie sana: ekwalaiza ya kurekebisha monita isikae kwenye masta ya mradi (njia ya mwisho ambayo sauti yote hupita kwenda kwenye faili), maana siku utakayosahau kuizima, kazi ya kwaya itatoka imekatwa sauti za juu na utaijua ikiwa tayari imesambaa. Kwenye programu ya kurekodia ya Reaper kuna sehemu ya Monitoring FX ambayo haiingii kwenye faili unalotoa. Equalizer APO ya Windows nayo ni ya bure, ila haifanyi kazi pale programu yako inapotumia ASIO (njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha sauti bila kupitia Windows). Usijaribu kujaza kile kibonde cha krosova kwa ekwalaiza. Kikiwa kimetokana na wufa na twita kupishana, ukiongeza nguvu utazichosha zote mbili na kibonde kitabaki.

Kuhusu mazoea, ningependa usiharakishe. Wiki za mwanzo sikiliza nyimbo unazozijua, zile ulizowahi kuzipenda kwenye redio, kwenye gari na kwenye hedifoni, kabla ya kumiksi ya mteja. Twita yenye makali humfanya mtu apunguze sauti za juu kupita kiasi, kazi ikatoka imefifia. Twita hafifu hufanya kinyume chake. Miksi zako za mwanzo zipeleke kwenye spika nyingine, hata ya simu, uone zinaelekea wapi.

Kama una mradi ulioanza na twita za zamani, kamilisha albamu yote kwa zile mpya. Kwa mwalimu wa kwaya niliyekuwa na kazi yake mezani nilimweleza wazi: "Mwalimu, zile nyimbo za mwanzo nitazipitia upya sauti za juu ili ziendane na hizi nyingine, na sitakudai kwa hilo." Nilichogusa kilikuwa kidogo, kayamba na "s" za soprano, lakini nyimbo zikakaa pamoja. Tangu hapo radi zikianza, plagi za monita zinatoka ukutani, na twita ya zamani ya kulia ipo kwenye kopo lenye mfuniko, imeandikwa namba yake ya modeli na omu zake, kwa mwenzangu yeyote wa ukanda huu mwenye monita kama zangu ambaye naye amebakiwa na moja.